Ngomeni au Lamu: makumbusho gani yatakufundisha bahari yetu?

Kaskazi ikianza kuvuma mwishoni mwa mwaka, simu za jamaa zangu wa bara nazo huanza. Wamepata likizo, wana watoto, wanataka kuja pwani, na safari hii hawataki kushinda ufukweni tu. Wanataka kuona historia ya bahari: vyombo, mabaharia, biashara ya ng'ambo. Kisha linakuja swali lenyewe. Twende Fort Jesus au twende Lamu?

Zamani nilikuwa nikiwaambia waende kote kuwili. Jibu hilo halimsaidii mtu mwenye siku nne na watoto watatu. Nauli ya Lamu si mchezo, na makumbusho haya mawili hayafundishi somo moja. Yote yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yote yanatazama maji, lakini ukitoka katika moja ukaingia katika jingine utadhani ni bahari mbili. Kwa hiyo nimekaa nikaandika jibu refu, kwa ajili ya mtu ambaye lazima achague mahali pamoja tu.

Kabla ya kukata tiketi, jiulize hivi: nataka kujua ni nani na nini vilitufikia kwa njia ya bahari, au nataka kujua sisi wenyewe tuliiendeaje bahari hiyo? Ukitaka la kwanza, shuka Mombasa. Ukitaka la pili, endelea kaskazini.

Ngomeni: merikebu iliyozama mbele ya ukuta

Fort Jesus watu wa Mombasa huiita Ngomeni. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari ya kale. Chombo chochote kilichotaka kuingia kilipita mbele ya mizinga. Ukisimama juu ya ukuta na kutazama upande wa maji utaelewa mara moja kwa nini Wareno, Waomani na Waingereza waliitaka sehemu hii kwa zamu. Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Wageni wengi huja kwa ajili ya kuta, wakapiga picha na mizinga, wakaondoka. Nakusihi uje kwa ajili ya kitu kingine: vitu vilivyotolewa katika merikebu ya Santo António de Tanná. Kama Ngomeni ingebaki na vitu hivyo peke yake, bado ningekuambia uje.

Merikebu hiyo ya kivita iliundwa Bassein, pwani ya magharibi ya India, karibu na 1681, kwa mbao za msaji. Yaani ilikuwa merikebu ya Wareno iliyoundwa Bara Hindi, na ikaja kufia Afrika. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira Ngome, na mzingiro huo ukadumu miaka miwili na miezi tisa, hadi Desemba 1698. Njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko risasi. Santo António ilitumwa kuleta msaada. Mwaka 1697, ikiwa imetia nanga chini ya ukuta, kamba zake zilikatika katika mapigano, maji yakaisukuma ukingoni, ikazama hapo hapo mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiisubiri.

Jambo moja katika kisa hiki huwa halisemwi vya kutosha. Kapteni wa Kireno alipofariki katikati ya mzingiro na askari wake wakawa wamekwisha, aliyebaki akiishika Ngome alikuwa Bwana Daud, mwana wa ukoo wa watawala wa Faza, huko kisiwani Pate, pamoja na watu wake. Ukisikia ikisemwa kwamba ile ilikuwa vita ya Wareno na Waarabu tu, mkumbuke huyo. Miji ya Waswahili ilikuwa na siasa zake, na kila mmoja ulichagua upande kwa sababu zake.

Merikebu ililala chini ya matope karibu miaka mia tatu. Wapiga mbizi wa Mombasa waliigundua katika miaka ya 1960, na kati ya 1977 na 1980 wataalamu wa akiolojia ya baharini, wakiongozwa na Robin Piercy, walifanya kazi chini ya maji pamoja na Makumbusho ya Kenya. Walitoa maelfu ya vitu: mitungi mikubwa ya kuhifadhia chakula na maji, kaure ya Kichina, mizinga, risasi, vyombo vya kulia, vitu vidogo vidogo vya mabaharia. Mwili wenyewe wa merikebu ulipimwa, ukachorwa, kisha ukafunikwa tena kwa mchanga. Uko pale hadi leo.

Watu hushangaa nikiwaambia hivyo. Kwa nini hawakuitoa? Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa sababu ukielewa jibu, kila kitu kilichomo kabatini kitaanza kusema nawe. Ubao uliokaa majini miaka mia tatu si ubao tena kama unavyoujua. Ndani yake umeliwa, na kinachoushikilia usibomoke ni maji yaliyojaa mahali palipokuwa na mti. Ukiuacha ukauke, maji yanatoka, kuta zake nyembamba zinaporomoka, ubao unajikunja na kupasuka. Waswidi walipoitoa majini merikebu yao Vasa mwaka 1961, iliwabidi wainyunyizie polietilini glikoli, kitu kinachofanana na nta, kwa miaka 17, ili nta ile ichukue nafasi ya maji. Gharama hizo si za kila nchi. Kuifunika Santo António kwa mchanga, mahali pasipo hewa na ambapo wadudu wala mbao hawafiki, ulikuwa uamuzi wa busara.

Vitu vya chuma navyo vina shida yake. Chumvi iliyopenya ndani huendelea kukila chuma hata kikiwa kimefungiwa kabatini. Vyungu vya udongo vikikauka, chumvi huganda kuwa fuwele ndani ya vinyweleo na kubandua uso wa chungu, tabaka kwa tabaka. Ndiyo maana kila kilichotolewa baharini hulowekwa kwanza katika maji matamu, maji yakabadilishwa tena na tena kwa miezi, pengine miaka, mpaka chumvi itoke. Kwa hiyo ukiuona mtungi mmoja mzima pale Ngomeni, usipite haraka. Kuna mtu aliyeukalia kama mgonjwa.

Kitu cha pili cha kutafuta ni michoro ya ukutani. Askari au mabaharia wa Kireno wa karne ya 17, bila shaka wakiwa wamechoka na joto na kusubiri, walichora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu: merikebu zenye milingoti mingi, samaki, watu waliovaa deraya. Plasta yenye michoro hiyo imehifadhiwa na unaweza kuiona. Mimi husimama hapo kuliko mahali pengine popote. Anayejua vyombo ataona kwamba wachoraji walijua kila kamba inakokwenda. Hawa walikuwa wakichora kitu walichokipanda na kukitumikia kwa mikono yao. Pwani yetu ina michoro ya aina hii pia, imekwaruzwa kwenye plasta ya nyumba za kale kama zile za magofu ya Gedi, karibu na Malindi, lakini ile huonyesha vyombo vilivyoonwa na mtu wa nchi kavu na wa baharini wa hapa hapa. Ukiweza kupita Gedi njiani, linganisha.

Nje ya Ngome, kabla hujaondoka, tafuta mizinga miwili ya zama nyingine kabisa. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg, mwingine ni wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliivizia Pegasus katika bandari ya Zanzibar na kuizamisha. Kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ikapigwa huko Julai 1915, na Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Baadaye waliiopoa mizinga yake, wakaiwekea magurudumu na kuiburura porini kwa vita vya nchi kavu. Waingereza nao wakafanya vivyo hivyo na mizinga ya Pegasus. Sasa maadui hao wawili wamekaa jirani. Watoto hupenda sana kisa hiki, na hakikuongezei gharama yoyote.

Upungufu wa Ngomeni, kwa mtu anayetafuta bahari, ni kwamba ndani mna mambo mengi mno. Kuna nyumba ya Waomani, makaburi ya Wamazrui, ukoo uliowahi kuitawala Mombasa, vyombo vya udongo vilivyochimbwa katika miji ya kale, hadithi za gereza. Yote yana thamani, lakini bahari inaweza kukupotea humo ndani kama hukuingia ukijua unachokitafuta. Tena, ukiondoa Bwana Daud na Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyewageukia Wareno na kuiteka Ngome mwaka 1631, aliye mbele katika hadithi hii ni mgeni. Utatoka ukijua jinsi merikebu za kigeni zilivyopigana kuimiliki bandari yetu. Jinsi baharia wa Kimvita alivyofika Ras Hafun, huko Somalia, na kurudi, hilo utalikosa.

Lamu: chombo mkononi

Makumbusho ya Lamu yako ukutani mwa bahari, katika nyumba kubwa yenye veranda iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na kukaliwa na maofisa wa Kiingereza. Yalifunguliwa 1971. Ni madogo; mtu mwenye haraka atayamaliza kwa saa moja na nusu. Mtu mwenye haraka lakini hafai kwenda Lamu kwa hali yoyote.

Kinachonirudisha pale kila mara ni mifano midogo ya vyombo. Ukiingia hujui chochote, utaona mashua za kuchezea zilizopangwa kabatini. Kwa hiyo nikupe macho kidogo. Anza chini: mkuku, ule mti mrefu unaobeba chombo chote kama uti wa mgongo. Juu yake mataruma, mbavu. Nenda omo, mbele. Rudi tezi, nyuma. Tazama mlingoti umeinamia upande gani, na foromali, ule mti mrefu unaotwekwa pamoja na tanga. Sasa linganisha. Jahazi la Kiamu omo yake imesimama wima, la Unguja omo yake imelala kwenda mbele. Mashua ni ndogo, haina sitaha. Ngalawa ni mti uliochongwa wenye matengo mawili, moja kila ubavu, ili usipinduke. Ukishaijua tofauti hiyo, ukitoka nje hutatazama maji vile vile tena.

Kisha kuna mtepe. Hapa ndipo Lamu inapoishinda Ngomeni kabisa, na nasema hivi nikiwa mzaliwa wa Mombasa.

Mtepe ulikuwa chombo kilichoshonwa. Haukuwa na msumari wa chuma hata mmoja. Mafundi wa visiwa vya Wabajuni na Pate walitoboa mbao ukingoni, wakazipitishia kamba za makumbi ya nazi, wakazivuta mpaka zikashikana, wakazikazia kwa vigingi vya mti na kuziba matundu. Tanga lake halikuwa la pembetatu kama la jahazi. Lilikuwa la mraba, limesukwa kwa ukindu kama jamvi. Omo yake ilichongwa mfano wa kichwa cha ngamia, na wazee husimulia kwamba huyo ni ngamia wa Mtume. Ulibeba boriti, nafaka na abiria, na faida ya ushoni wake ilikuwa ulegevu: ukigonga mwamba, chombo kilichopigiliwa misumari hupasuka, mtepe hupinda kidogo na kusamehe. Hasara yake ilikuwa maji. Ulivuja, na lazima kulikuwa na mtu wa kuyateka ngamani, chini kabisa ya chombo, mchana na usiku.

Mitepe ya mwisho ilitoweka katika miaka ya 1930. Lakini fikiria umri wake. Kitabu cha safari za Bahari ya Hindi kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kile kiitwacho Periplus, kinataja soko la mwisho la pwani hii, Rhapta, na kinasema jina hilo linatokana na mashua zilizoshonwa. Karibu miaka elfu mbili, ufundi mmoja, pwani moja. Wakati merikebu ya msaji kutoka Bassein inazama mbele ya Ngome, mitepe ilikuwa imeshazoea maji haya kwa karne nyingi, na ikaendelea kwa karne mbili na zaidi baadaye. Hili ndilo jambo ambalo ningetaka kila mtoto wa shule alione kwa macho yake.

Lamu pia ndiko ziliko siwa mbili maarufu, ile ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ile ya Lamu iliyosubiwa kwa shaba. Ni baragumu kubwa, hupulizwa kwa tundu lililo ubavuni, na zilipigwa katika arusi na sherehe za watu wenye hadhi. Utauliza zinahusu nini bahari.  Nguvu ya miji hii ilitokana kwanza na bandari, na pembe za ndovu zilikuwa miongoni mwa mali iliyokuwa ikipakiwa bandarini humo kwa karne nyingi. Mji uliobakiza pembe zake ukazichonga baragumu badala ya kuziuza, ulikuwa ukitangaza utajiri wake kwa sauti. Nionavyo mimi, siwa ya Pate ni kitu kizuri kuliko vyote katika makumbusho haya mawili. Santo António haina kitu cha kuikaribia.

Sasa toka nje. Jambo ambalo Ngomeni haiwezi kukupa, hata ingejengewa vyumba kumi zaidi, ni mlango wa Makumbusho ya Lamu. Unauvuka, hatua chache tu uko gatini, na vile vilivyokuwa kabatini vimefungwa kamba mbele yako vikiwa na harufu ya samaki na ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo. Mashua zinapakia mchanga, magunia, mawe ya ujenzi, watu. Hakuna magari mjini, kwa hiyo kinachohama huhama kwa punda au kwa chombo. Ukiwa na nusu siku, nenda Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, ambako vyombo bado vinaundwa. Utaona fundi akipiga kalafati, akishindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao, na utaona kwamba hana ramani ya karatasi. Anapima kwa jicho na kwa dhiraa. Nahodha yeyote pale, ukimwomba kwa adabu, atakuonyesha jinsi ya kubisha: kwenda mbele dhidi ya upepo kwa kukata huku na huku. Shikamoo kwanza, swali baadaye.

Upande wa upungufu, mkusanyo wa Lamu ni mdogo. Mtepe utauona kwa mfano mdogo tu, hutauona mzima. Merikebu iliyozama hakuna, hakuna mizinga ya kuwachangamsha vijana, na mambo mengi yanategemea wewe kuuliza. Mtu asiyependa kuzungumza na watu asiowajua atakosa nusu ya makumbusho.

Neno kuhusu Unguja

Baadhi yenu mtauliza kwa nini Zanzibar haimo. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa na hazina kubwa ya bahari, ukiwemo mtepe mzima uliojengwa mwaka 2003 na mafundi kutoka Lamu na kuwekwa ndani ya jumba hilo. Ungekuwa ulinganisho wa watatu, na mtepe ule peke yake ungeweza kuubadilisha ushauri wangu. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba ilianguka, watu wawili wakapoteza maisha, na tangu hapo kazi imekuwa ya kuliokoa jengo. Ukiwa na safari ya Unguja, uliza kwanza hali ilivyo kabla ya kulitia katika mpango wako. Nalitamani lisimame tena.

Sasa uchague

Kwa siku moja tu, usisumbuke: Ngomeni. Treni inakufikisha Mombasa, matatu au tuktuk inakufikisha karibu na mlango, na pamefunguliwa kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Nenda asubuhi na mapema, kwa sababu kufikia saa sita jua la ndani ya kuta zile halina huruma. Anza na vitu vya Santo António kabla ya kitu kingine chochote, ukiwa bado na akili mpya. Kisha michoro. Kisha panda ukutani, tazama maji, jaribu kuiweka merikebu mahali ilipozama. Mengine yote yatazame kwa muda uliobaki. Ukitoka, teremka mtaa wa Ndia Kuu uende hadi Bandari ya Kale. Hapo zamani majahazi ya Ghuba yalikuja na kaskazi yakiwa na tende na mazulia, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko kutoka Lamu. Usafirishaji wa boriti nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 1982, na biashara ya vyombo vya tanga ilikuwa tayari imeshadhoofika. Bandari ile sasa ni tulivu kuliko ninavyopenda kuiona.

Watoto wa chini ya miaka kumi wapeleke Ngomeni pia. Kuna nafasi ya kukimbia, kuna mizinga, kuna ngazi, na kisa cha mzingiro hueleweka hata na mtoto wa darasa la pili. Kijana wa miaka kumi na minne mwenye kupenda kujenga vitu kwa mikono, huyo mpeleke Lamu. Mkalishe Matondoni saa mbili. Atakushukuru baadaye.

Kwa mwalimu anayepanga safari ya wanafunzi, gharama itakuamulia. Kiingilio cha makumbusho haya hupangwa kwa madaraja, raia akilipa kidogo kuliko mgeni na mwanafunzi kidogo zaidi, kwa hiyo kiingilio si tatizo. Tatizo ni njia. Lamu unaifikia kwa ndege hadi Manda au kwa basi refu kupitia Malindi hadi Mokowe, na kote kuwili unamalizia kwa boti. Darasa la wanafunzi arobaini litakula bajeti yote barabarani. Wapeleke Ngomeni, lakini kabla ya kwenda wafundishe majina ya sehemu za chombo, wachore mtepe ubaoni, waelewe kwamba Wareno waliikuta bahari ikiwa na wenyewe. Mwalimu anaweza kuileta nusu ya Lamu darasani kwa chaki.

Wale wenye siku tatu au zaidi, na ambao hii ni safari yao ya pili ya pwani, sisiti kuwaambia hata kidogo: Lamu. Na ukiweza kuchagua majira, kuna tofauti. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, bahari huwa nyepesi na ndiyo nyakati vyombo vya kale vilipoteremka kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, maji huchafuka, mvua huja, na safari ya mashua kwenda Pate inaweza kukulaza macho. Lakini ni wakati wa kusi, hasa Agosti, ndipo utakapoona kwa nini nahodha wa zamani alikuwa mtu wa heshima.

Kwa msomaji aliyeshaziona merikebu kubwa za makumbusho ya Ulaya, aliyesimama chini ya Vasa au mfano wake, ushauri wangu ni tofauti kidogo. Ngomeni itakuonyesha tawi la hadithi unayoijua tayari: mizinga, dola, shehena ya kaure. Utaifurahia, lakini haitakushtua. Mtepe utakushtua. Nenda Lamu moja kwa moja.

Na kwa jamaa zangu wa bara, ambao wamenipigia tena wiki iliyopita wakiwa na siku tano na watoto wawili wakubwa: nimewaambia washuke Mombasa usiku, waamkie Ngomeni kwa nusu siku, walale, kisha asubuhi yake wapande basi la Lamu. Siku mbili Lamu, moja ya makumbusho na gati, moja ya Matondoni. Wakirudi, wapite tena mbele ya Ngome jioni na waitazame ile michoro ya merikebu mara ya pili, sasa wakijua mkuku uko wapi na foromali ni ipi. Nimewaomba wanipigie wakiwa hapo ukutani, waniambie mchoraji alikosea wapi.